Mtoto ana saratani: tenganisha kisichojulikana na ambacho hujaambiwa

Mwanangu alipokutwa na saratani ya damu, kila aliyepiga simu aliuliza: "Atapona?" Aliuliza bibi yake kule Tukuyu, wakauliza majirani hapa Uyole, na sasa wazazi wenzangu wananiuliza kuhusu watoto wao. Sina jibu. Daktari mkweli naye hatakuapia, na anayekuapia mwogope.

Ila nimegundua kwamba hofu yetu ilikuwa na mafungu mawili yaliyochanganyika. Fungu moja ni yale asiyeyajua binadamu yeyote. La pili ni yanayojulikana vizuri tu pale wodini, sema mzazi hajaambiwa. Hili la pili ni kubwa kuliko unavyodhani, na linapungua kwa kuuliza. Matibabu yatachukua muda gani? Kwa aina aliyonayo mwanangu ni miaka 2 hadi 3; miezi ya mwanzo ndiyo mizito, baadaye ni vidonge nyumbani na kliniki. Nywele zitaota? Zitaota. Atawaambukiza wadogo zake? Hapana, saratani yake haiambukizi. Tulikosea wapi? Kwa watoto walio wengi chanzo hakijulikani, kwa hiyo mama mkwe anayenong'ona kuhusu ulichokula ukiwa mjamzito mwache anong'one.

Nunua daftari la shule. Swali likikujia usiku liandike, kwa sababu daktari akipita asubuhi na kundi lake, kichwa huwa cheupe. Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: "Majibu yakija mazuri mtafanya nini, na yakija mabaya mtafanya nini?" Tulipokuwa tunasubiri majibu ya kipimo cha uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa, nililiuliza, daktari akavuta kiti akachora mishale miwili kwenye daftari langu. Mmoja ulisema tunaendelea na dawa zilezile, wa pili tunabadilisha dawa. Kusubiri hakukuwa kutamu, lakini angalau nilijua kwamba hata mshale mbaya una njia mbele yake.

Kuhusu asilimia, utakutana nazo tu kwenye simu yako. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi maskini ni chini ya 30. Mwaka 2018 lilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 ifikapo 2030. Pengo hilo halisababishwi na damu zetu. Watoto wetu wanachelewa kugunduliwa, dawa zinakosekana, na wengine wanaachishwa matibabu njiani. Hilo la mwisho ndilo lililo mikononi mwa mzazi, ingawa si lake peke yake. Nauli ya kwenda Dar ikikushinda, usikae kimya ukaruka kliniki. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na kama mnatibiwa Muhimbili ulizia shirika la Tumaini la Maisha, wanaoshirikiana na hospitali kuhudumia watoto wenye saratani.

Jambo moja halina mjadala: homa. Mtoto aliye kwenye dawa za saratani, kinga yake hushuka. Kipimajoto kikisoma 38, kwetu ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na baridi ya Juni. Mjue mapema dereva wa bajaji atakayepokea simu yako.

Ndugu watakuja na mizizi na majani. Wakija, usigombane nao, lakini usimpe mtoto kitu ambacho daktari hajakijua. Baadhi ya mitishamba huvuruga dawa.

Simu nazo zinachosha. Kuwaeleza watu ishirini jambo usilolielewa mwenyewe ni kazi ya kutwa. Kwetu tulimpa baba mdogo wa mtoto kazi hiyo: sisi tunamwambia yeye, yeye anauambia ukoo. Tulimpa na sentensi ya kujibu "atapona?": "Anatibiwa, dozi inayofuata ni tarehe fulani."

Mipango ya nyumbani ndiyo iliyonisumbua zaidi. Utakodi vipi shamba la viazi wakati hujui mwezi wa tatu utakuwa Uyole au wodini? Mume wangu alitaka tuache kabisa, mimi nikaona tukiacha tutakosa hata hela ya nauli. Tukakodi nusu ya eneo tulilozoea, na shemeji akakubali kupiga dawa ya ukungu tukiwa hatupo. Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo familia inavyopaswa kupanga kipindi hiki: kidogo kidogo, kwa miezi unayoiona, na mtu wa kushika nafasi yako akijulikana kwa jina. Watoto wengine pia wanahitaji kujua jina hilo: mama akiondoka ghafla, nani anapika, nani anasaini daftari la shule.

Siku chache kabla ya kliniki mimi hushindwa kula. Mpaka leo ni hivyo. Siku hizo simtafuti mtu wa kunifariji, namtafuta wa kuchambua naye maharage.