Sangara apimwe majini: majibu kuhusu kanuni za mashindano ya uvuvi

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mashindano ya kuvua sangara kwa fimbo na rili. Waandaaji huandika rasimu ya kanuni, huipeleka mialoni, mitumbwi inakoshushia samaki, na kwenye vilabu, kisha huomba maoni. Sangara tunayemzungumzia ndiye mputa wa Waganda na mbuta wa Wajaluo.

Tumeletewa rasimu ya kurasa nne na wiki mbili za kutoa maoni. Mkutanoni kila mtu anasema "tunapinga", na karani anaandika "wananchi wanapinga". Tuseme nini ili kitu kibadilike? (Msomaji, Masese)

"Tunapinga" haina pa kuingia kwenye kanuni. Maoni yanayobadilisha rasimu hutaja namba ya kifungu, kinachoharibika, sababu yake, na maneno mnayotaka yaandikwe badala yake. Tuseme kifungu kinasema: "Samaki wote wafikishwe kwenye jukwaa la mizani saa kumi jioni." Jibuni hivi: sangara aliyevuliwa saa tatu asubuhi atakaa kwenye beseni saa saba na atafika amekufa, iandikwe, "Kila samaki apimwe urefu kando ya mtumbwi mara anapovuliwa, apigwe picha, aachiwe." Ongezeni mstari mmoja wa gharama: ubao wa kupimia kwa kila mtumbwi, na msimamizi mmoja. Mwandaaji akiona kazi imeshafanywa, hana sababu ya kuikataa isipokuwa aitaje.

Saa ya mkutano nayo ni kifungu, hata kama haikuandikwa. Mkutano wa asubuhi huwakosa wavuvi wa nyavu, maana ndio kwanza wanarudi na mzigo. Wavuvi wa mukene (dagaa) hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Ombeni mkutano alasiri, wiki ya mwezi mpevu, na mtapata watu wa pande zote mbili. Rasimu isomwe kwa lugha zinazosemwa mwaloni, si Kiingereza peke yake.

Mtenganishe pia kanuni za waandaaji na sheria ya nchi. Kanuni za shindano zinaweza kuwa kali kuliko sheria, haziwezi kuilegeza. Ikiwa shida yenu ni sheria yenyewe, mfano ile ya mwaka 2022 ya uvuvi na ufugaji wa samaki, barua yenu iende Kurugenzi ya Rasilimali za Uvuvi kule Entebbe, au kwa kamati ya Bunge inayoshughulikia kilimo na uvuvi. Ibara ya 38 ya Katiba ya Uganda inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, kwa hiyo hamwombi hisani. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo, na nyingine mumwachie afisa uvuvi wa wilaya.

Kwa nini mnashikilia urefu badala ya mizani? Watu huja kuona samaki mkubwa akining'inia. (Mwandaaji, Entebbe)

Kwa sababu kinachoning'inia pale ni mama. Sangara dume hupevuka mapema, akiwa na takriban sentimita 50 hadi 60. Jike huchelewa, wengi hadi wapite sentimita 70 au 80, na wale wa mita moja na zaidi karibu wote ni majike yenye mayai kwa mamilioni. Zawadi ya "samaki mzito kuliko wote" humtuma kila mshindani kumtafuta huyo huyo.

Kipimo cha urefu huondoa sababu ya kumleta nchi kavu. Utaratibu uandikwe wazi kiasi hiki:

Ubao uwe mgumu, wenye kizuizi upande wa sifuri, na uloweshwe kabla ya samaki kulazwa. Ubao mkavu uliokaa juani hubandua ute unaomkinga samaki na maradhi. Mdomo ufungwe na uguse kizuizi. Mkia wa sangara ni wa mviringo, hauna panda, hivyo kipimo ni urefu mzima hadi ncha ya mkia. Sentimita isiyotimia haihesabiwi: 87.6 ni 87. Picha ionyeshe samaki mzima upande wa kushoto, namba za ubao, na kibao chenye neno la siri linalotangazwa asubuhi ileile, ili picha za jana zisitumike. Upande uwe mmoja siku nzima kwa sababu makovu na magamba yaliyotoka ndiyo humfichua mtu anayepiga picha samaki mmoja mara mbili.

Anayezidi mita moja asipandishwe mtumbwini kabisa. Apimwe kwa utepe laini akiwa majini, akiegemea ubavu wa chombo. Kumnyanyua kwa taya wima huchana misuli ya koo na kuvuta uti wa mgongo, hata kama ataogelea vizuri mbele ya kamera. Kwa wadogo, nje ya maji iwe sekunde 30. Msimamizi azuie pumzi samaki anapotoka. Yeye akihitaji kuhema, samaki arudi.

Watazamaji wakitaka kilo, wapewe kwa hesabu: urefu mara mzingo mara mzingo, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 29,000. Sangara wa sentimita 120 mwenye mzingo wa 75 anakuja kilo 23 na kidogo. Ni makadirio, na jike aliyejaa mayai huyapita, lakini kwa ubao wa matokeo yanatosha.

Mtego mmoja mnaoweza kujiwekea: mkijumlisha urefu wa samaki wote, mshindi atakuwa aliyevua wadogo wengi. Hesabuni watatu bora tu, na walio chini ya sentimita 50 wapate sifuri.

Nimeona video za Marekani: samaki wanakaa kwenye tangi ndani ya boti, wanapimwa jioni, wanaachiwa wakiwa hai. Sisi tunashindwa nini? (Msomaji, Kampala)

Wale ni bass, samaki wa kilo moja hadi tatu hivi. Mwaka 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa B.A.S.S., chama cha wavuvi wa bass cha Marekani, alianza kudai samaki warudishwe wakiwa hai baada ya mizani, na matangi yenye pampu yakaenea kutokana na hilo. Hata hivyo, joto la maji likipanda baadhi yao hufa siku chache baada ya kuachiwa, ndiyo maana hata huko mashindano ya kupima kwa picha yameongezeka.

Kwa sangara hesabu ni mbaya zaidi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 katika mwinuko huo hayashiki zaidi ya miligramu 7 hivi za oksijeni kwa lita, na sangara ndiye wa kwanza kulalamika ikipungua. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi, hasa wakubwa, walielea wamekufa upande wa Uganda. Wizara ilieleza kuwa dhoruba zilivuruga maji na oksijeni ikashuka. Sasa mchukue samaki huyo, mchoshe kwa dakika ishirini za kuvutana, kisha mtie kwenye pipa la lita 200 ambamo hawezi hata kugeuka. Tangi tunalipinga waziwazi.

Sangara akitoka kina kirefu tumbo linavimba na kitu kama puto kinatoka mdomoni. Wenzangu hulitoboa. Ni sawa? (Nahodha, Kalangala)

Msilitoboe. Kile kinachotoka mdomoni ni mfuko wa chakula uliosukumwa nje. Ukiutoboa umemjeruhi bila kupunguza hewa. Hewa yenyewe iko kwenye kibofu, lile bondo linalouzwa kwa bei kubwa. Kwa sangara kibofu hicho kimefungwa, hakina mfereji wa kutolea hewa mdomoni, na damu huifyonza polepole sana. Akipandishwa kutoka mita 10 hewa hupanuka takriban mara mbili, kutoka mita 20 mara tatu. Akiachiwa hivyo huelea tumbo juu hadi jua na ndege wammalize.

Dawa ni kumrudisha chini haraka. Fungeni uzito wa kilo 3 au 4 kwenye kamba, na juu yake ndoano kubwa isiyo na kijino, iliyogeuzwa ncha ichungulie chini. Ichomekeni kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini, mshusheni hadi kina alikotoka au angalau nusu yake, kisha vuteni kamba kwa mkupuo. Ndoano itachomoka yenyewe. Kwa wa sentimita 50 au 60, kreti ya soda iliyopinduliwa na kufungwa mawe hufanya kazi hiyohiyo. Bora zaidi, kanuni ikataze kuvua kwenye kina kinachozidi mita 15. Msimamizi mwenye kipima kina au kamba yenye mafundo anaweza kulikagua hilo.

Ndoano gani iruhusiwe? (Msomaji, Buliisa)

Chambo hai: ndoano ya duara tu, na mvuvi asinyakue fimbo ghafla, azungushe rili taratibu, ndoano itajipachika pembeni mwa taya. Ukinyakua, inachomoka au inaingia kooni. Chambo bandia: ondoeni ndoano za meno matatu, wekeni moja moja, na kijino kibanwe kwa koleo. Mshipi usiwe dhaifu kuliko ratili 50, kwa sababu mshipi mwembamba hurefusha vita na ukikatika samaki anabaki anaburuta chambo. Ndoano iliyomezwa isichokolewe. Kateni mshipi karibu na mdomo.

Wajeshi wanatukamata na samaki chini ya inchi 20, nyavu zetu zinachomwa. Halafu matajiri wanakuja kuchezea wazazi wa samaki haohao. Hayo ni maoni au hapana? (Mvuvi, Kiyindi)

Ni maoni, na yana uzito. Inchi 20 ni kama sentimita 50, nao mpaka huo unamhusu mshindani kama unavyowahusu ninyi. Viwanda vya minofu vya kanda ya Ziwa Victoria viliwahi pia kukubaliana kununua sangara wa kati ya sentimita 50 na 85 pekee, ili wadogo na wazazi wote wapone. Hapo ndipo pa kuwabana waandaaji: walio juu ya 85 warudi majini bila mjadala.

Tungeongeza kifungu cha bondo. Sangara akifa mikononi mwa mshindani, asihesabiwe pointi, na nyama ipelekwe shule au kituo cha afya kilichotajwa mapema. Bondo lake liandikwe na mapato yake yaende hukohuko. Mradi kuna mtu atakayeuza bondo la samaki "aliyekufa kwa bahati mbaya", bahati mbaya zitakuwa nyingi.

Sangara aliletwa Ziwa Victoria akamaliza nkejje, wale samaki wadogo wa asili. Kwa nini tumlinde mvamizi? (Mwanafunzi, Makerere)

Swali zuri, na jibu linategemea uko kwenye maji gani. Ziwa Albert na Naili chini ya Maporomoko ya Murchison ni kwao sangara tangu asili. Victoria na Kyoga alipandikizwa miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje zikatoweka au kubaki chache mno. Kwa hiyo kitabu kimoja cha kanuni kwa maji yote ni kosa. Victoria tusingegombana na mshindani anayebakiza wawili wa sentimita 50 hadi 85 kwa chakula. Murchison tungetaka wote warudishwe. Ziwa Albert lina jambo la ziada: kuna sangara wa aina ya pili, mwenye macho makubwa na asiyekua sana, na msimamizi asiyemjua atamdhani mtoto wa yule mwingine.

Ndani ya hifadhi ya Murchison tunahitaji nini? (Msomaji, Pakwach)

Kibali cha kuvua kwa michezo kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, mbali na ada ya kuingia hifadhini. Na kifungu kimoja ambacho rasimu zilizonakiliwa kutoka nchi za baridi hukisahau: mamba. Kanuni ya kawaida humwambia mvuvi ashike samaki majini, kichwa kikielekea mkondo, hadi apate nguvu. Mto ule, mikono isiingie majini wala mtu asisimame ukingoni. Tumieni kibanio cha mdomo chenye mpini mrefu na kamba, chombo kisogee mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Msimsukume mbele na nyuma, kwani maji yakiingia kinyumenyume hayampi hewa. Akipiga mkia mara mbili kwa nguvu, fungueni kibanio.