Kifuko Kwenye Kongosho: Mimi Sikupasuliwa

Juzi dada mmoja wa Arua aliniandikia usiku wa manane. Mama yake ameonekana na kifuko cha maji kwenye kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula inayotoa maji ya kusaga chakula, na kliniki imesema walete pesa Jumatatu apasuliwe. "Kaka, wewe ulipasuliwa?" Kwa kifuko, hapana, dada. Ndiyo maana naandika.

Nauza vipuri vya pikipiki hapa Busia, upande wa Uganda. Maumivu yalinishika dukani, juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni. Nafuu niliipata nikiinama mbele tu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi, bure. Hospitali walipima damu wakasema kongosho limevimba, kisha swali likaja: "Mzee, unakunywa waragi?" Daktari akauliza, muuguzi akauliza, hata mpima damu akauliza. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Wanubi wa Bombo, sijawahi kuonja pombe. Shemeji yangu alikuwa pembeni ya kitanda. Akatazama chini, akacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Ultrasaundi ndiyo iliyonitetea: mawe kwenye mfuko wa nyongo. Jiwe likishuka na kukwama pale njia ya nyongo na ya kongosho zinapokutana, maji makali ya kongosho huanza kulila kongosho lenyewe. Pombe ni sababu kubwa, sikatai. Lakini muulize mtu vizuri, na ukishamuuliza, msadiki.

Nilitoka hospitali, na wiki chache baadaye tumbo likaanza kujaa. Nusu chapati nimeshiba, nikilazimisha natapika. Picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, ikaonyesha kifuko cha sentimita 11 nyuma ya tumbo la chakula. Kliniki moja ilitaka kunifungua wiki ile ile, na mke wangu akawa ameshatafuta mnunuzi wa ng'ombe wetu wawili. Aliyetuzuia ni daktari kijana tuliyemfuata kwa ushauri wa jirani. Alisema ukuta wa kifuko bado mwororo, huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, na vingine hukauka vyenyewe. Ila nikipata homa, nikitapika damu au macho yakigeuka manjano, nikimbie hospitali.

Tulisubiri. Hakikukauka. Tukapanda basi hadi Nairobi. Wakanilaza usingizi, wakapitisha mdomoni kamera yenye ultrasaundi kwenye ncha, wakatoboa ukuta wa tumbo la chakula kwa ndani mpaka kwenye kifuko, wakaacha stenti, yaani kibomba kidogo cha chuma, ili maji yamwagikie humo tumboni. Ngozi yangu haikupata hata mkwaruzo siku hiyo. Kesho yake nilikunywa uji, nikalia kama mtoto.

Hapo ningeharibu kila kitu. Niliambiwa nirudi baada ya wiki chache stenti itolewe, nami nikaona duka linanipotezea wateja, nikasema nitakwenda mwezi ujao. Mke wangu alinitoa dukani kwa nguvu. Stenti ya aina ile ikikaa mno inaweza kuchimba na kutoa damu ndani. Ndugu zangu, tarehe ya kurudi ni dawa, si mapendekezo! Mfuko wa nyongo nao ulitolewa Kampala baadaye, kwa matundu madogo manne. Kuacha mawe ni kumwalika mgeni yule yule arudi.

Sasa, dada wa Arua. Muulize daktari: mama aliwahi kuugua kongosho kabla ya kifuko hiki? Kama ndiyo, uliza kama kinaweza kusubiriwa au kutolewa maji kwa kamera. Kama hakuwahi kabisa, hadithi yangu si yake. Kuna vifuko vya ute, vingi kwa akina mama, vinavyoweza kugeuka saratani. Hivyo havimwagwi tumboni. Vinapimwa, na mara nyingi vinakatwa pamoja na kipande cha kongosho, pengine kwa matundu madogo pia. Kwa hiyo sikuambii ukatae kisu. Nakuambia usikubali Jumatatu kabla ya CT kusomwa na daktari wa pili. Na mtu yeyote akicheka kitandani pake, mtoe nje.

Ng'ombe waliuzwa hata hivyo, kwa ajili ya Nairobi. Shemeji ndiye aliyewaswaga sokoni. Msamaha bado hajaniomba.