Kabla ya Kung'oa King'ora cha Gari la Zamani, Tafuta Waya Uliokatwa

Gari langu ni Toyota Corona ya mwaka 1994, nililolinunua hapa Jinja, Uganda, kwa mzee mmoja aliyelitunza vizuri kwa kila jambo isipokuwa umeme. King'ora chake hakikutoka kiwandani, bali kilifungwa baadaye na fundi fulani, na kwa muda mrefu nilikiona kuwa kero ya kelele tu. Mvua kubwa ikipiga boneti usiku, kinalia. Lori la miwa likipita, kinalia. Jirani yangu, mama mpole sana, alifikia hatua ya kunisalimu asubuhi kwa kuuliza kama gari limelala salama.

Nililipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, naye akakata waya wa honi ya king'ora chini ya boneti, akapokea pesa yake, tukaagana. Kelele ziliisha, lakini kisanduku chenyewe kinachoendesha king'ora kilibaki chini ya dashibodi kikiendelea na kazi yake. Miezi michache baadaye, nikirudi kutoka Kampala, nikiwa nimekwisha kuipita Najjembe na kuingia katikati ya msitu wa Mabira, injini ilizimika ghafla na usukani ukawa mzito kama jiwe, huku nyuma yangu kuna lori. Nilifanikiwa kuliserereshea gari pembeni. Stata ilizunguka vizuri, ila injini haikushika. Nilipoinama kuchungulia fyuzi, goti langu likakigonga kile kisanduku, nikasikia mlio mdogo, "tik", wa rilei, yaani swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Nikageuza ufunguo tena, gari likawaka.

Mlio ule ndio ulionifundisha jinsi vitu hivi vinavyofungwa. Nyaya nyingi za king'ora huwa zimedandia tu nyaya za gari: wa taa za pembeni, wa swichi ya mlango, wa umeme wa betri. Ukiziondoa hizo, gari halipotezi kitu. Lakini ili king'ora kiweze kumzuia mwizi asiwashe gari, fundi hukata waya mmoja wa asili, ama wa stata ama wa kuwashia injini, kisha ncha zake mbili huzipitisha kwenye rilei. Tangu siku hiyo, waya huo si mali ya gari tena. Katika gari langu uliokatwa ni wa kuwashia injini, na rilei ilifunga njia pale tu kisanduku kilipoipa umeme. Skrubu iliyoshikilia waya wa ethi wa kisanduku, yaani ule unaokiunga na bodi ya gari, ilikuwa imelegea, kwa hiyo kila ilipotikisika vibaya, rilei iliachia na injini ikafa.

Ndiyo maana nasema usianze kwa kuvuta, hata kama una hasira nacho kiasi gani. Kwanza piga picha kwa simu kila unachokiona chini ya usukani. Kisha fungua ncha hasi ya betri na usubiri dakika chache. Ukiona nyaya au viunganishi vya rangi ya manjano karibu na usukani, viache kabisa, kwa sababu kwa kawaida hivyo ni vya mfuko wa hewa wa usalama, na hata taa ya kupimia umeme haitakiwi kuvigusa.

Tahadhari nyingine ni ya honi. Baadhi zina betri yao ndogo ndani, na umeme ukikatwa huanza kulia zenyewe. Huzimwa kwa ufunguo mdogo ulio ubavuni. Ufunguo wangu ulikuwa umepotea zamani, na yule fundi wa mwanzo alikuwa amekata waya wa kuamrisha mlio tu, si ule wa umeme. Nilipofungua betri, honi ilipiga ukelele ambao mtaa mzima uliusikia, nikaing'oa, nikaiviringisha ndani ya blanketi na kuifungia stoo mpaka ikachoka yenyewe.

Sasa fuata nyaya kutoka kwenye rilei. Rilei ya kawaida ina miguu yenye namba: 85 na 86 ni ya koili inayoivuta swichi, 30 ndiyo njia ya kuingilia, na 87 au 87a ni ya kutokea. Nyaya mbili nene zinazotoka kwenye 30 na 87, au 87a, ndizo zitakazokufikisha kwenye ncha mbili zenye rangi moja, ambazo zamani zilikuwa waya mmoja. Kwangu zote zilikuwa nyeusi zenye mstari mwekundu. Ziunge hizo kabla ya kugusa kitu kingine, na uziunge kwa risasi ya bati, si kwa kusokota na kuzungusha tepu, kwa maana gari likianikwa juani gundi ya tepu hulainika na tepu hujifungua yenyewe. Funika kiungo kwa kimpira kinachonywea kikipata joto, na ukumbuke kukivisha kwenye waya kabla ya kuunga; mimi nilisahau, ikanibidi nirudie kazi yote nikiwa nimelala chali miguu ikiwa nje ya mlango.

Baada ya hapo rudisha betri na uwashe gari. Likiwaka bila kisanduku, umemaliza kazi ngumu. Fungua betri tena, ondoa nyaya zilizodandia mojamoja na uzibe kila kidonda cha ganda. Kama kufuli za milango zilikuwa zikifanya kazi kwa rimoti ya king'ora, jiandae kurudi kwenye ufunguo.

Mimi nilipima pia kwa mita umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, mita ikiwa kati ya ncha hasi ya betri na waya wake uliofunguliwa, milango imefungwa. Kabla ya kuondoa kisanduku ilisoma amperi 0.18, ambazo huimaliza betri ya amperi-saa 45 katika muda wa siku kumi na kidogo. Baadaye ilisoma 0.02. Usithubutu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Kama bima yako kubwa iliandikwa kwa sharti la king'ora, zungumza na kampuni ya bima kabla ya kushika koleo. Mimi sina bima hiyo. Nimenunua chuma cha kufungia usukani. Tundu walilotoboa kupitishia nyaya za honi nimeliziba kwa mpira ili maji yasiingie ndani, na ile taa ndogo nyekundu ya king'ora kwenye dashibodi nimeiacha mahali pake, ingawa haina waya wowote nyuma yake.