Mshipi wa kusukwa unapoteleza kwenye bobini

SWALI: Ninaishi Kirumba, Mwanza, na kwa muda mrefu nimevua sangara kwa mshipi wa nailoni wa kushika mkononi. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amenipa rili ya kuvulia baharini iliyoandikwa "0.40 mm, mita 240", na mwezi Desemba tunatarajia kwenda kuvua kolekole na nguru. Nilinunua mita 150 za mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya ratili 50, nikaufunga moja kwa moja kwenye bobini na kuuvingirisha. Nilipoujaribu kwenye mawe ya Igombe, sangara aliuvuta mshipi ilhali breki nilikuwa nimeikaza hadi mwisho. Je, rili ni mbovu, au nimeuziwa mshipi bandia? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, huenda rili ni nzima na mshipi ni halali. Fanya jaribio hili: kaza breki, shika bobini kwa mkono mmoja isizunguke, kisha vuta mshipi kwa mkono wa pili huku umevaa glavu. Ukiona bobini imetulia lakini mshipi wote uliovingirishwa unazunguka juu yake kama pete iliyolegea kidoleni, basi tatizo umelipata. Mshipi wa kusukwa hutengenezwa kwa nyuzi za polithini, ambazo ni laini, zinateleza na hazinyumbuki, kwa hiyo haziwezi kuibana bobini ya chuma kama nailoni inavyoibana. Ukaze breki utakavyo, haitasaidia kitu, kwa sababu breki huizuia bobini, na mshipi wako haujashikamana na bobini.

Dawa yake ni kutanguliza nailoni. Kiasi cha nailoni kinapatikana kwa hesabu, na ninakusihi uifanye kabla ya kununua chochote. Zidisha unene kwa unene, kisha kwa urefu. Bobini yako inabeba 0.40 × 0.40 × 240, yaani 38.4. Mshipi wa kusukwa nitakaokushauri hapa chini, wenye unene wa milimita 0.28 na urefu wa mita 300, unachukua 23.5. Kinachobaki ni kama 14.9, ambacho ukikigawanya kwa 0.16 (yaani 0.40 × 0.40) unapata takriban mita 93 za nailoni ya 0.40. Ichukulie hesabu hiyo kuwa ya kukadiria, maana mshipi wa kusukwa hubonyea na unene ulioandikwa kwenye boksi si wa kuaminika sana. Mita 150 ulizoweka wewe zilikuwa zinaiacha bobini karibu nusu tupu, na bobini ya namna hiyo hairushi mbali hata kama mshipi umeshika vizuri.

Kuhusu ratili, ningekushauri ratili 30 hadi 40 kwa rili ya ukubwa huo, mita 300, uliosukwa kwa nyuzi nane. Wa nyuzi nane ni mviringo zaidi na hupita kimya kwenye pete za fimbo. Wa nyuzi nne ni wa bei nafuu, na kwa kuwa kila uzi wake ni mnene zaidi, mara nyingi huvumilia msuguano vizuri zaidi. Ratili 50 ulizonazo si kosa mkivua kolekole karibu na miamba, kwa kuwa samaki huyo akishanasa hukimbilia mawe. Nguru hukimbia mbali kwenye maji ya wazi, na kwake urefu wa mshipi una faida kuliko unene. Meno yake hukata mshipi wowote, kwa hiyo weka waya mfupi mbele ya ndoana.

Sasa tuje kwenye kuvingirisha, kazi ambayo wengi huifanya kwa haraka mno. Funga nailoni kwenye bobini na uivingirishe kwa kuikaza, kisha uiunge na mshipi wa kusukwa kwa fundo jembamba lililoloweshwa mate kabla ya kubanwa. Mtu wa pili apitishe penseli katikati ya bobini ya dukani na kuibana pembeni ili izunguke kwa uzito. Wewe shika mshipi kwa kitambaa kibichi mbele ya rili, uubane mpaka fimbo ipinde kidogo, ndipo uzungushe mkono wa rili taratibu. Usitumie vidole vitupu, kwani mshipi huo hukata nyama. Acha milimita mbili au tatu kabla ya ukingo wa bobini. Ukijaza kupita hapo, mizunguko itatoka kwa mafungu na kukufanyia mafundo wakati wa kurusha. Ukimaliza, bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama, mshipi umelegea, na samaki mkubwa atakapovuta, mizunguko ya juu itajichimbia katikati ya ile ya chini na mshipi utakatika. Hapo hakuna njia isipokuwa kuutoa wote na kuanza upya.

Breki iweke kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Ratili 30 ni takriban kilo 13.6, kwa hiyo kilo tatu na nusu hadi nne na nusu zinatosha. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, itakupa kipimo sahihi: funga mshipi kwenye ndoano yake, vuta kwa fimbo, na usome namba pale bobini inapoanza kuachia.

Mbele ya mshipi wa kusukwa unga nailoni nene ya mita mbili hivi. Polithini ni imara inapovutwa, lakini ikisuguliwa kwenye jiwe huchanika upesi, na hilo ni kweli kwenye miamba ya bahari kama lilivyo kwenye mawe ya Igombe.

SWALI: Je, chumvi itauozesha? — Msomaji huyohuyo

JIBU: Hapana, haiozeshi polithini. Hata hivyo, maji ya chumvi hubaki kati ya nyuzi na kuingia kwenye bobini na beringi za rili, ambako chumvi ikikauka huharibu. Suuza kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole, breki ikiwa imekazwa, kisha ilegeze na uache rili ikauke kivulini. Fanya hivyo siku hiyohiyo, hukohuko Dar es Salaam. Safari ya zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mwanza ni ndefu mno kuibeba rili yenye chumvi ndani ya begi. Vipande unavyokata rudi navyo nyumbani, usivitupe ziwani, kwa sababu haviozi na ndege wa majini kama minandi hunaswa miguu.