Apimwe kwa utafiti, lakini nakala ibaki kijijini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mhadhiri wa chuo kikuu apimwe kwa kufundisha au kwa utafiti? Kwa kufundisha, nasema bila kusita. Utafiti umegeuzwa ngazi ya vyeo: makala kadhaa majaridani, mtu anakuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, na huku darasani wanafunzi wanasomeshwa slaidi za mwaka juzi.

Ila kinachonikera hasa ni kingine: daftari la utafiti likishafungwa, yale yaliyoandikwa huenda wapi?

Nilipomaliza shahada nilifanya kibarua cha kukusanya data za mhadhiri mmoja. Simtaji, wala chuo chake. Tukaonyesha kibali kwa mtendaji wa kijiji, tukapelekwa kwa mzee mmoja huko Umatumbi, wilayani Kilwa. Nikatoa fomu ya ridhaa na kidau cha wino. Mzee akakataa kuweka dole gumba mpaka nimsomee yote. Nikasoma kifungu kwa kifungu, jua linapanda. Nilipofika "matokeo yatawanufaisha wadau" akaninyooshea mkono.

"Wadau ndio akina nani, mjukuu wangu?"

"Pamoja na wewe, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza yako wapi maneno ya marehemu baba yake kuhusu Majimaji, maana kijana wa chuo alikuja likizo kuyaandika, akalala hapohapo kijijini, wakaongea Kimatumbi. Mimi nimeshika dodoso linalouliza paa ni la bati au la makuti!

"Andika bati," akasema. "Lakini linavuja. Pa kuandika kuvuja pako wapi?"

Hapakuwapo. Nikaandika pembeni kwa penseli.

Habari ya yule kijana iliniingia akilini. Mwaka 1968 idara ya historia pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi makwao kuwahoji wazee juu ya vita ile ya 1905 hadi 1907. Baadhi ya wazee hao waliiona kwa macho yao. Karatasi za wanafunzi nilikuja kuzisoma maktaba ya Mlimani, sehemu ya East Africana, yanakowekwa maandishi kuhusu Afrika Mashariki. Kiingereza kitupu.

Hapa nilipofika msimamo wangu umelegea, nakiri. Bila utafiti ule wazee wangezikwa na maneno yao. Tena waliokwenda ni wanafunzi, kwa hiyo kufundisha na kutafiti ilikuwa kazi moja. Basi haya, mhadhiri apimwe kwa utafiti, mradi aende na wanafunzi wake. Najua darasa la leo lina mamia na idara haina nauli ya kuwatawanya wote. Hata kumi watatosha. Na kabla makala haijahesabiwa kwenye kupanda cheo, nakala ya Kiswahili iwe imeshapokelewa ofisi ya kijiji, kwa muhuri wa mtendaji. Wa fizikia na kemia siwabani kwa hilo, isipokuwa kama maji waliyoyapima yalichotwa kisimani kwa watu.