Kadi ya sauti ipi itakubaliana na Linux?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Niko Arua, narekodi kaswida na matangazo ya redio kwa laptopu yenye mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Nina maikrofoni ya kondensa, lakini nikiichomeka kwenye tundu la laptopu napata mvumo mtupu. Duka moja la Kampala linanishauri kadi ndogo ya USB iliyoandikwa "7.1", jingine kadi ya nje ya USB iitwayo Behringer UMC202HD. Sijaona neno Linux kwenye boksi lolote. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Neno Linux kwenye boksi usilitafute, ni nadra mno kuliona. Muulize muuzaji hivi: kifaa hiki kinafanya kazi kwenye iPad bila kuweka draiva (programu ya kukiendesha)? Kikifanya, basi kinafuata kanuni ya pamoja ya sauti za USB, na kanuni hiyo Linux inaifahamu kupitia draiva iitwayo snd-usb-audio, ambayo tayari imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Huna cha kupakua.

Sasa hiyo ya "7.1". Linux itaipokea bila ubishi, ila maikrofoni yako haitakuwa na la kusema. Kondensa ya studio hula volti 48 kupitia waya wa XLR (ule wenye pini tatu), na kadi hiyo ina tundu dogo la milimita 3.5 ambalo halitoi umeme huo. Nashuku hata mvumo unaousikia sasa ni kelele ya laptopu yenyewe, maana maiki imelala. Na hiyo 7.1, yaani sauti ya spika nane, ni rangi ya boksi tu: kadi ina tundu moja la kusikilizia na moja la maiki, hizo spika nane utazichomeka wapi?

UMC202HD ina matundu mawili ya XLR na swichi ya volti 48, na inafuata kanuni niliyoitaja. Mimi ningechukua hiyo.

Lakini kutoka Arua hadi Kampala si safari ya kurudia kwa ajili ya kubadilisha kadi. Nenda na laptopu, maiki na waya wako, uombe kujaribu hapo hapo kaunta. Chomeka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb -t. Ukiona Driver=snd-usb-audio, imeshapokelewa. Kisha arecord -l ikupe namba ya kadi. Ikiwa ni 1, andika:

arecord -D plughw:1,0 -f cd -d 10 jaribio.wav

Soma mstari mmoja wa kaswida kwa sekunde kumi, halafu aplay jaribio.wav usikilize. Ukifungua alsamixer (programu ya kurekebisha sauti) na kukuta vitelezi vichache, usiogope. Nguvu ya maiki inaongezwa kwa kitufe cha kuzungusha kwenye kadi yenyewe.

Nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Mint uchague kadi mpya upande wa kuingiza, la sivyo utaendelea kurekodi kwa kimaiki cha laptopu bila kujua. Nimeshaona mtu akirekodi kipindi kizima hivyo. Mvumo ukibaki, chomoa chaja urekodi kwa betri. Ukipotea, ujue tatizo ni chaja au waya wa ethi wa nyumba, kadi haina kosa.

Na kabla ya kubonyeza 48V, waya wa XLR uwe umeshachomekwa pande zote mbili na hedifoni ziwe zimepunguzwa, kwa sababu ile "paa!" ya kuwaka inauma masikio.