Nairobi–New York: kwa nini tiketi inaonyesha saa saba tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini tiketi yako ya Desemba inaonyesha safari ya saa saba tu kutoka Nairobi hadi New York, na kwa nini muda wa angani wa kurudi ni mfupi kuliko wa kwenda. Hizo saa saba si muda wa kukaa angani. Tiketi huandika saa ya mji husika, na majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ukiondoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) saa tano usiku, baada ya saa 15 Nairobi inakuwa saa nane mchana, lakini kule unakotua ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti ni saa 7.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways walianza safari hiyo Oktoba 2018 kwa Boeing 787, bila kutua popote njiani.

Kuhusu kurudi kuwa kufupi, uliona sawasawa. Juu kabisa, kwenye kilomita kumi hivi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ndiyo huzidi. Ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana wanapanga karibu saa 15 kwenda na kama 14 kurudi.

Kwa kuwa wewe unatokea Dar, ongeza saa moja na nusu hivi ya kufika Nairobi, pamoja na kusubiri. Ukipita Doha au Dubai unazunguka zaidi, ingawa nauli wakati mwingine huwa nafuu. Mimi ningechagua ya moja kwa moja, hasa ukiwa na watoto.